Harufu Iliyomfanya Fundi Afukue Tangi

Jamani, nilimfokea fundi Deo mbele ya wageni! Mapokezi ya gesti yangu hapa Kihanga yalinuka, naye aking'ang'ania kwamba tangi la maji taka halina kasoro.

"Kwa hiyo mbovu ni pua yangu?"

Nikamlazimisha afukue tangi na abadilishe mabomba. Harufu ikazidi! Nilikuwa namfukuza kabisa pale mama mkwe alipoingia kutoka Mabira.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wale senene wabichi niliokupa, uliwakaanga?"

Macho yangu yakakimbilia kabati la kaunta, nilikowaficha panzi hao ili wafanyakazi wasiniombe. Deo akaona. Akalifungua, akaziba pua, akautoa mfuko unaovuja.

"Hawajakaangwa, mama," akasema. "Wako hapa wote."