Mkunga Aliyepanda Mlima Kinyumenyume

Léonie Vidalenc alikuwa mkunga wa milima yetu ya Cantal, Ufaransa, mjane wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akienda kwa miguu kuzalisha wanawake wa mashamba yote. Majira fulani ya baridi alichelewa kufika shamba la Lascombes, akakuta mzazi amekwisha kata roho, na mtoto naye. Theluji ilipoyeyuka aliuza konde aliloachiwa na mumewe, akanunua gari dogo la Citroën, la viti vitatu, rangi ya limau, nyuma imechongoka kama mtumbwi.

Mama mkwe wake, Eulalie, nusura azirai. "Konde la mwanangu umelibadili kwa kopo hili?"

"Konde halikimbii, mama."

"Na wewe unakimbilia wapi? Kaburini?"

Wanaume mkahawani wakamwita Bibi Limau. Alipojifunza kuendesha alibomoa ua wa padri na kuponda bata wa jirani. Aliomba radhi, akawasha tena.

Februari, asubuhi, Antonin Rouchy alishuka mbio kutoka shambani kwake. Mkewe ana uchungu, mtoto ametanguliza miguu. Mlima ulianzia mlangoni pa Léonie, nao ulikuwa mweupe wote. Gari lilijikongoja kidogo, likagoma. Léonie alijua gia ya kinyumenyume ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Akaligeuza, matako ya gari yakatazama juu. Sasa magurudumu ya nyuma yakateleza, kwa kukosa uzito.

Akamgeukia mkwewe aliyesimama kizingitini. "Mama, panda nyuma."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Wewe mzito."

Antonin akainamisha uso. Eulalie alimkazia macho mkaza mwanawe, akafunga shali, akapanda.

Wakapanda hivyo, Antonin akisukuma kwenye taa za mbele, bibi kizee akiwa wa kwanza kuiona njia.

"Kushoto! Kushoto, mwanamke, kuna korongo!"

"Naona!"

"Huoni kitu! Haya, kaza! Usilegeze, mwanangu, kaza!"

Hadi siku hiyo Eulalie hakuwahi kumwita mwanangu.

Walimkuta Berthe Rouchy hoi, midomo imemkauka. Léonie aliosha mikono, akapiga magoti. Mtoto alitoka akiwa wa bluu, akapulizwa, akapigwapigwa, akalia. Mama akaishi.

Eulalie aliketi jikoni akinywa supu ya kabichi. Antonin akamwuliza, "Bibi, utashuka kwa miguu?"

"Kwa nini? Gari si tunalo?"

Léonie aliendesha hadi Vita vya Pili vya Dunia vilipomaliza petroli. Akavaa viatu vyake, akaendelea kuzalisha kwa miguu.