Chupa Mbili za Mzee Ettore

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu chupa ya mvinyo yenye umri mkubwa kuliko wangu. Nasema hili mapema, ili kijana anayesoma asidhani kwamba niliyoyapata baadaye yalianguka kutoka mbinguni.

Naandika nikiwa Kamina, mji wa reli kusini mwa Kongo, katika nyumba ya matofali ya kuchoma niliyoijenga kwa jasho langu, kwenye barabara inayokwenda stesheni. Ukutani kuna diploma yangu ya usomeliye. Someliye ni mtaalamu wa mgahawa anayechagua mvinyo, kuutunza, kuuonja na kuumimina. Vijana wa mtaa huniuliza kama kweli mtu anaweza kulipwa kwa kunusa. Anaweza. Mimi nililipwa hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini, na sikuwa na mjomba wa kunishika mkono.

Siku hiyo ya kwanza nilikuwa nimeajiriwa kuosha glasi katika mgahawa mmoja mjini Alba, kaskazini mwa Italia. Mkuu wa ghala la mvinyo, mtu mfupi mwenye aproni ya kijani, alinituma chini nimletee chupa ya Barolo ya zamani. Barolo ni mvinyo mwekundu wa vilima vya huko, unaotokana na zabibu aina ya nebbiolo. Niliiinua chupa kwenye mwanga nikaona mashapo mazito yamelala upande mmoja. Nikaitikisa kwa nguvu zangu zote, nikapanda nayo nikitabasamu.

Mtu wa Kamina atanielewa. Mama yangu aliuza munkoyo mbele ya stesheni, kile kinywaji chetu cha unga wa mahindi na mizizi. Kwake, kumimina bila kutikisa bidon, lile dumu la plastiki, ulikuwa wizi: wa kwanza anapata maji, wa mwisho anapata unga. Lakini mashapo ya mvinyo wa zamani ni machungu. Chupa yake husimamishwa ili yatulie chini, kisha mvinyo humiminwa polepole katika jagi la kioo, na mshumaa ukiwaka nyuma ya shingo ya chupa ili uone mashapo yakikaribia na usimame kabla hayajatoka.

"Umefanya nini?" mkuu wa ghala aliniuliza.

"Nimeichanganya, bwana, ili kila mgeni apate sawasawa."

Alikaa juu ya kreti la mbao. "Sikufukuzi," alisema mwishowe. "Mtu asiyejali wageni asingetikisa. Lakini chupa hii itasimama hapa mpaka itulie, na wewe utaipita kila asubuhi ukiisalimia."

Niliisalimia wiki mbili. Wiki ya tatu nilijiandikisha shule ya usomeliye.

Siku zangu za mapumziko nilipanda treni kwenda Torino kusoma. Darasani tulikuwa thelathini, Mwafrika mmoja. Mtihani wa mwisho ulikuwa glasi sita zisizo na jina. Nilizitaja zote sita, na ya nne niliitaja hata upande wa kilima ilikotoka. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akinicheka lafudhi hakufaulu. Baadaye nilitumika miaka mitatu katika hoteli ya mji huo, chini ya meneja wa ukumbi aliyetukataza marashi na hata sabuni yenye harufu. "Pua yako si yako," alikuwa akisema, "ni ya mgeni." Kisha nikarudi Alba, safari hii kama msaidizi wa yule yule mkuu wa ghala.

Alikuwa anakaribia kustaafu. Ufunguo wa ghala, wa chuma, mrefu kama kiganja, ulining'inia kiunoni mwake, na mimi niliutaka. Mwenye mgahawa alijua. Siku moja aliniita pembeni akaniambia, "Ijumaa mzee Ettore anakuja kula na sisi. Akiondoka na furaha na akakubali kutuuzia mvinyo wake, ufunguo ni wako. Kwa hiyo jioni hiyo wewe utatabasamu tu."

Ettore alikuwa mtengenezaji wa mvinyo mwenye shamba dogo kilimani. Alitengeneza chupa chache, na aliwauzia aliowapenda. Alikuja na koti la sufi, mikono yenye nyufa kama ya mkulima wa Kabongo kule kwetu, akakataa nisimame nyuma ya kiti chake. "Anayeonja hukaa," alisema. Tukaketi wanne: yeye, mwenye mgahawa, mkuu wa ghala na mimi.

Tulianza na dolcetto yake, mvinyo mwepesi, pamoja na nyama mbichi iliyokatwakatwa. Ikaja barbera, yenye uchachu wa kuamsha mate, na tambi nyembamba za mayai. Kila glasi aliniuliza ninapata nini, nami nikamjibu. Kwenye Barolo yake changa nilimwambia kwamba tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi na fizi, bado ilikuwa kali kama mbwa aliyefungwa, lakini baada ya miaka kumi angelala mlangoni kwa utulivu. Ettore alicheka mpaka akaweka uma chini. Mwenye mgahawa alinikonyeza. Niliuona ufunguo kama tayari uko mfukoni.

Nyama iliyopikwa kwa mvinyo ilipoletwa, Ettore akatoa chupa mbili zisizo na karatasi, zilizoandikwa kwa chaki.

"Hizi ni za baba yangu," alisema. "Mavuno yake ya mwisho. Kila mwaka, siku aliyofariki, nafungua moja. Zimebaki hizi mbili. Leo moja ni yenu, na naimimina mwenyewe."

Alimimina, akanusa, akafumba macho. "Huyu hapa," alisema. "Huyu hapa baba."

"Ajabu," alisema mwenye mgahawa.

Mkuu wa ghala alinusa mara moja, akaiweka glasi chini, akatazama sahani yake. Hapo nikajua kwamba naye amesikia. Mvinyo ulinuka gunia. Gunia la mahindi lililolowa, likakaushwa kivulini, likalowa tena. Ni ugonjwa unaotoka katika kizibo. Hauui mtu, lakini unaua mvinyo.

"Na wewe, Ilunga," Ettore aliniuliza, "unapata nini?"

Chini ya meza kiatu cha mwenye mgahawa kilikanyaga changu.

Nilimkumbuka mama. Siku moja bibi yetu, mama yake mzazi, alituletea munkoyo aliopika mwenyewe, na watu wa reli walikuwa wameshapanga foleni. Mama alinusa, akaibeba ile bidon, akaumwaga munkoyo wote mtaroni mbele ya bibi. Bibi alilia. Mama alimwambia, "Heshima yako haitaingia mu bidon yenye kuharibika."

"Bwana Ettore," nilisema, "baba yako hana kosa. Kizibo kimeuharibu mvinyo huu."

Uma zilisimama. Shingo ya Ettore ikawa nyekundu. "Wewe umetoka nchi isiyo na mzabibu hata mmoja. Unanifundisha harufu ya baba yangu?"

"Kwetu hakuna zabibu. Kuna mahindi. Na gunia lililoharibika linanuka hivi hivi, Kamina au hapa. Naomba tufungue chupa ya pili, tuziweke pamoja."

"Ile ni ya mwisho."

"Najua. Ikinuka kama hii, kesho sitakuja kazini."

Mwenye mgahawa alianza kuniombea msamaha, akisema nilikuwa nimechoka. Ettore alimnyamazisha kwa mkono. Akanisogezea chupa ya pili. "Fungua wewe."

Niliwasha mshumaa. Nilimimina mvinyo katika jagi polepole, na mashapo yalipofika shingoni nikasimama. Nilimpa glasi mpya bila kuonja, kwa maana haki ya kwanza ilikuwa yake. Mimi nilisikia harufu kutoka nilipokaa: waridi lililokauka, lami, cheri. Ettore alinusa ya pili. Akanusa ya kwanza. Akarudi kwa ya pili, akanywa, na mkono wake ukabaki juu ya meza.

"Na ya mwaka jana ilikuwa na lile gunia," alisema kwa sauti ndogo. "Nikadhani ni uzee wake."

Alichukua glasi ya kwanza akaimwaga mwenyewe katika ndoo. Kisha akagawa ile ya pili, na glasi iliyojaa zaidi aliiweka mbele yangu.

Ufunguo sikuupata jioni ile. "Mgeni haaibishwi mezani pangu," mwenye mgahawa aliniambia jikoni, akanirudisha kwenye glasi. Nilizing'arisha siku kumi na mbili, na sikumwomba mtu msamaha. Siku ya kumi na tatu Ettore alipiga simu: mvinyo wake utakuja, mradi uonjwe na mtu wa mahindi. Mkuu wa ghala alishuka ngazi, akauchomoa ufunguo kiunoni na kunitundikia yeye mwenyewe. Niliubeba mpaka nilipostaafu.

Sasa niko nyumbani. Kazi yangu haikuwa kusifu, na kijana anayetaka kuishika aelewe hivyo. Kusifu kila mtu anaweza, hata mwenye mafua. Someliye analipwa kwa ajili ya ile siku moja ambayo meza nzima inasema ndiyo na pua yake inasema hapana.

Niliporudi, dada yangu mkubwa, Yaya Numbi, kama kwetu tunavyowaita wakubwa, ambaye alirithi kazi ya mama, aliita majirani wanione. Alinipa bidon nimimine. Nikamimina polepole, nikisimama kabla ya mashapo.

"Kule Ulaya njo vile banamiminaka?" aliuliza. "Tukunywe maji ya juu, na unga itabakia ya nani? Tikisa, weye."

Majirani walicheka sana. Nilitikisa. Hadji Salumu, mfanyabiashara wa vitambaa ambaye hunywa munkoyo mpya tu, kabla haujawa pombe, alinisogezea kikombe chake.

"Diplome," alisema, akinitania kwa diploma yangu, "nusa kwanza. Kama iko ya leo, nitakunywa. Kama iko ya jana, Mungu ananiona."

"Iko ya leo," Yaya alisema. "Miye njo nilipika."

Nilinusa. Nikanusa tena.

"Yaya, ndani mwa hii iko ya jana."

"Unaniita muntu wa bongo, wa kudanganya, mbele ya bantu?"

"Hapana. Nasema tu yenye pua inasikia."

Alininyang'anya kikombe, akanusa kama mama alivyonusa, kichwa pembeni. Kisha akakaa.

"Ilibakia kidogo chini," alisema. "Niliona mubaya kuimwanga."

Aliinuka, akabeba bidon, akaumwaga munkoyo wote nyuma ya nyumba. Hadji akanywa maji. Yaya aliporudi alinipita bila kunitazama, na akiwa mlangoni akasema, "Mama angekuchapa kama ungenyamaza."

Kesho yake, kabla watu wa reli hawajafika, alinigongea mlango na kikombe cha munkoyo mkononi, ninuse. Alikuwa ameshatikisa.