Parsele ya Dancille kwenye avenyu ya telefone

Dancille Uwitonze amekimbia moto, amekimbia vita, na hakuna siku alikimbia mikono mitupu. Mwaka wa 1996, vita ilipofika Rutshuru, alitoka kwao Kalengera na kabati kichwani. Si kikapu, ni kabati. Ndani mulikuwa kuku, na pale Rugari kuku mmoja alitaga bila kabati kusimama. Watu wananiambia, mimi bibi yao: "Koko, unaongopa, kabati haibebwi kichwani." Hao hawajaona shingo ya Dancille.

Alifika Goma, akapanga Murara, akauza viazi. Aliolewa na Havugimana, fundi wa mbao, mutu mupole sana, naye akamujengea nyumba ya mbao pale pale Murara. Mwaka wa 2002 volkano ya Nyiragongo ikashuka katikati ya mji, ikapita Murara kama mutu anayejua njia, ikakula nyumba na sufuria ya maharagi iliyokuwa jikoni. Dancille anasema maharagi yalikuwa bado kuiva. Mimi ninasema siku hiyo yaliiva. Miaka miwili baadaye Havugimana alikufa kwa ugonjwa wa tumbo, na Dancille akabaki peke yake na viazi vyake.

Kwa viazi hivyo alinunua parsele, kiwanja cha kujenga, juu ya Munigi, kwenye Avenyu Mapera, kando ya kwangu. Ilikuwa mawe matupu. Aliyavunja kwa nyundo, akapanga kizingiti, akasimamisha nyumba, akapanda ua wa miti ya miyenzi kati yangu na yeye. Ule ua ulikuwa na miguu. Kila mvua ikinyesha, unasogea kwangu. Nilimwambia: "Dancille, miyenzi yako inatembea." Akanijibu: "Koko, ni wewe unarudi nyuma." Tulikosana, tukapatana, tukakosana tena, kama majirani wote.

Halafu ikaja 2021. Ilikuwa jumamosi, jioni, mwezi wa tano. Moto ulishuka upande wetu. Mimi niliuona unafika kwangu, ukasimama kidogo mulangoni kama mugeni anayeona haya, halafu ukaingia. Tulitoka tukiwa hai, na hilo ndilo la kushukuru. Tuliporudi kuangalia, avenyu haikuwa tena. Kulikuwa jiwe jeusi, kutoka huku mpaka kule, bila nyumba, bila ua, bila mapera. Watu walisimama juu ya jiwe wakagombana: "Choo yangu ilikuwa hapa!" "Hapo ni jikoni kwangu, toa muguu!" Hata mutu aliyezaliwa pale hakujua tena kitanda chake kilikuwa wapi.

Ndipo papa Bashige alipoingia. Bashige ni mutu wa upande wa Bukavu, aliwahi kuwa karani kwenye depo ya simenti, na sisi tulimuchagua kuwa shefu wa avenyu juu ya sauti yake kubwa. Alifungua grupe ya WhatsApp, akaipa jina la avenyu, akatuingiza wote. Watu walikuwa wametawanyika: wengine Sake, wengine ng'ambo Gisenyi, mimi na Dancille tuko Murara kwa mujukuu wangu Gisèle. Bashige akasema: "Sasa avenyu iko hapa ndani. Kila mutu aingie kwenye parsele yake." Tukaanza na wa kwanza wa chini mpaka wa mwisho wa juu, kila mutu akasema kwa sauti yake nani yuko kuume kwake, nani kushoto. Hivyo avenyu ikarudi, ndani ya telefone, imenyooka kuliko ilivyokuwa kwenye mawe.

Lakini haikupita muda, akaingia mutu asiyejulikana, akasema yeye ni ndugu ya marehemu fulani na anataka parsele yake. Bashige akamufukuza, halafu akatoa kanuni. Alizitoa kwa sauti ndefu, mpaka Gisèle alipika ubwari, ule ugali wetu, na kuumaliza kabla ya Bashige kumaliza.

Kanuni zilikuwa hivi. Kodi ya parsele ni salamu. Kila siku ya Mungu, ndiyo jumapili, mwenye parsele anasalimia avenyu kwa sauti yake, anataja jina, anataja jirani wa kuume na wa kushoto. Kuandika hapana, juu hata mwizi anaandika. Mwenye kunyamaza miezi mitatu, parsele yake inarudi kwa avenyu, na avenyu itaipa mutu mwengine. Na siku ya kuweka mawe ya mupaka kule juu ya jiwe, tutafuata vile grupe inasema, si vile mutu anaota.

Tulikubali wote. Mimi nilifurahi sana, juu sijui kusoma, lakini kusema nimesoma mpaka mwisho.

Dancille alikuwa na kale ka telefone ka torche, kasiko na WhatsApp. Alikuwa analipa kodi yake kwenye telefone ya Gisèle. Lakini kuuza viazi bila shamba kulimuchosha, na kaka yake Nsengimana alimuita Kalengera aje kulima. Kabla ya kwenda alipita kwa Bashige, akamukuta anakula.

"Papa Bashige, kule sina WhatsApp. Siku ya Mungu nitakubipa, ujue ni salamu yangu."

Bashige alikuwa na samaki kinywani. Akasema: "Eeh."

Sasa, hiyo "eeh" ndiyo ilileta taabu. Dancille aliisikia kama kanuni. Bashige aliisema kwa samaki.

Mwanzo mambo yalienda vizuri. Kila siku ya Mungu, baada ya misa, namba ya Dancille inalia kidogo kwa Bashige na kukatika, naye anajua. Anasema kwenye grupe: "Dancille amesalimia." Hakuna aliyeuliza amesalimia kwa njia gani. Halafu mwaka wa 2022 waasi wakarudi upande wa Rutshuru. Vita ikapita Kalengera. Dancille akalala porini na watu wa kaka yake, na telefone ya torche ikaanguka mutoni. Waliporudi nyumbani, akaomba telefone ya muke wa Nsengimana. Namba za watu alikuwa nazo kichwani, anazishika kama mutu anavyoshika majina ya watoto. Kila siku ya Mungu anapanda mulima, maana network iko kule tu, anamubipa Bashige, anashuka, anasema: parsele nimelipa.

Huku Goma, Bashige anaona namba asiyoijua. Anasema moyoni: hawa ni wale wa kubipa ili uwapigie, halafu wanakuomba inite za kupigia. Hapokei, hapigi. Na kwenye grupe Dancille yuko kimya.

Miezi mitatu ikaisha. Bashige akatuma sauti: "Wana avenyu, parsele ya mama Dancille Uwitonze inarudi. Siku ya Mungu ijayo tutaipa Achille." Achille ni mudogo wa muke wake, Louise. Kijana anayependa parsele kuliko kazi.

Nilibonyeza ka mikro nikamujibu: "Papa Bashige, mutu yuko kwenye vita na wewe unamudai salamu?"

"Koko, kanuni ni kanuni. Hata mimi nikinyamaza, munitoe."

"Wewe kunyamaza? Siku hiyo Nyiragongo itatoa maziwa."

Watu walicheka, lakini hakuna aliyemutetea Dancille. Kila mutu alikuwa anaogopa ya kwake. Tulijua vizuri: akitolewa kwenye grupe, siku ya mawe ya mupaka hatakuwa na mahali pa kusimama. Yule mwanamuke alikuwa amebakiza kile kipande cha jiwe tu duniani.

Siku ya Mungu ilipofika nilivaa kitenge kizuri, nikachukua ndizi, nikaenda kwa Bashige kumubembeleza. Alikuwa amepanga hapo hapo Murara. Achille alikuwa amekaa kwenye kiti kikubwa, amevaa viatu vya mutu mwenye parsele. Tulikuwa hata hatujaanza kusema, telefone ya Bashige mezani ikalia mara moja, ikakatika.

Louise akatoka jikoni na mwiko.

"Ni yeye tena?"

"Nani?" Bashige akauliza.

"Unaniuliza mimi? Kila siku ya Mungu, tukitoka tu kanisani, namba haina jina, inalia kidogo, inakatika. Bashige, ninakuangalia tangu siku nyingi."

"Louise, huyo simujui. Kwa jina la Bikira!"

"Usimuingize Bikira. Mutu usiyemujua hakubipi kwa saa moja ile ile kama dawa."

Mimi nilikuwa ninakula ndizi nilizoleta. Nilisema: "Mama Louise, kama ni mimi, ningepiga nimusikie."

Bashige alinitazama vibaya. Louise akachukua telefone yake mwenyewe, akapiga ile namba, akaweka sauti ya juu ili nyumba yote isikie.

"Allô! Wewe mwanamuke, unamutakia nini bwana wangu kila siku ya Mungu?"

Upepo ulivuma, halafu sauti ikasema: "Ninamulipa."

"Unamulipa nini?"

"Parsele."

Louise akageuka: "Bashige! Umemupangia mwanamuke parsele?"

Sauti ikasema: "Mama Louise, acha kelele, ni mimi Dancille. Niko juu ya mulima wa Kalengera, mukono umechoka kushikilia hii telefone. Shefu aliniambia nibipe, ninabipa. Anazipata salamu zangu?"

Bashige alifungua kinywa, na safari hii hakikuwa na samaki. Lakini mimi nilikumbuka inite za Louise, juu ninajua anavyonunua kidogo kidogo. Niliruka. Miguu yangu hii iliruka meza.

"Dancille! Usiulize! Sema kodi yako upesi, jina na jirani!"

"Mimi ni Dancille Uwitonze, wa Avenyu Mapera. Kuume kwangu ni Koko, yule mwongo. Kushoto kwangu ni..."

Tuu. Inite zimekwisha.

Achille ndiye alisema kwanza: "Amesema upande mmoja. Basi nimuachie nusu."

"Ukimya wako ungefaa zaidi," Louise akamwambia. Alikuwa na furaha kwamba hakuna mwanamuke mwengine, na furaha hiyo alikuwa anaificha kwa ukali.

Bashige akajikuna kichwa. Mutu huyu si mubaya, tatizo lake ni kwamba anapenda kanuni kama vile wengine wanapenda pombe ya kasiksi. Akasema: "Koko, mimi nimesikia ni yeye. Lakini avenyu haikusikia, na kanuni inataka jirani wote wawili. Nikimuachilia yeye, kesho yule mwizi atarudi na kusema inite zilikwisha."

"Basi uliza avenyu."

Akauliza. Akaeleza yote, ya bip, ya "eeh", ya mulima, hata ya mwiko. Grupe ikawaka kama soko. Mmoja anasema bip si sauti. Mwengine anasema telefone ikilia, kile kilio ni nini kama si sauti? Domitille, wa parsele ya juu kabisa, akasema kama bip ni kodi, yeye, vile anamubipa mutoto wake kila siku, amemulipia parsele mpaka uzeeni. Achille, ambaye shefu alikuwa amemuingiza mapema, akaandika, na wote wakamwambia kuandika hapana.

Halafu akaingia muzee Ntirenganya. Huyu muzee yuko Sake, na kila siku ya Mungu anasalimia kwa maneno machache kabisa, jina, jirani, basi. Siku hiyo alisema mengi kuliko mwaka mzima.

"Papa Bashige, kushoto kwa Dancille ni mimi. Mimi kila siku ya Mungu ninasema: kuume kwangu ni Dancille. Koko anasema: kushoto kwangu ni Dancille. Wewe umezipokea hizo salamu, umesema zimelipwa. Kama Dancille hakuwa pale, basi mimi na Koko tulikuwa tunalipa uongo, na wewe ulikuwa unapokea uongo. Tutoe sote watatu. Kama tulilipa ukweli, mwanamuke yuko kwake."

Mimi nilitaka kuongeza neno, Louise akanishika mukono.

Bashige alisikiliza ile sauti tena. Akaisikiliza mara ya tatu. Halafu akabonyeza ka mikro, akasema kwa sauti ya kazi: "Parsele ya Dancille Uwitonze hairudi kwa avenyu. Kanuni inaongezwa: mwenye kuwa kwenye vita anaweza kubipa, na jirani wake wawili wakimutaja, imelipwa. Namba mupya aitaje mapema, ili mashefu wasipigwe mwiko." Kidogo tu, grupe ikatuonyesha kwamba Achille ametoka. Alitoka na nyumbani pia, na ndizi moja yangu.

Dancille hatukumupata tena kwa telefone ili kumwambia. Kule mulimani network ilikatika kabisa, tukabaki tunamutaja, muzee Ntirenganya na mimi, kila siku ya Mungu. Mwisho wa mwaka vita ikasukuma watu wote wa upande ule, barabara ikajaa, watu wakafika Kanyaruchinya na magodoro na mbuzi. Nilienda kumutafuta kati ya watu. Nilimukuta amepewa bashi, turubai ya kujengea, amesimama, anawatazama wengine wanavyojenga vibanda kwenye kambi.

"Parsele yangu ilichukuliwa?" aliniuliza, kabla ya kunisalimia.

"Iko."

Alikunja bashi, tukatembea mpaka Munigi, juu ya jiwe. Bashige alikuja na kamba, muzee Ntirenganya alikuja kutoka Sake kwa pikipiki, na wakapima kutoka kwangu na kutoka kwa muzee, wakakutana katikati. Dancille alitandika bashi pale, akaishikilia kwa mawe ya volkano pembe zote. Watu wa kambi walimwambia kule kuna maji na unga, hapa hakuna kitu. Akasema anajua.

Alilala kwake. Asubuhi aliniazima bidon ya njano ili ateke maji Kanyaruchinya, juu jiwe halina maji, na mpaka leo ninapowaambia haya hajanirudishia.