Majani ya Mkunazi wa Najma

Majani ya mkunazi yakipondwa hutoa harufu ya ubichi yenye uchungu kidogo, na povu lake huteleza vidoleni kama sabuni. Kiangazi kile nilikuwa na miaka minane. Tulipanga vyumba viwili katika mtaa wa Najma, nchini Qatar, mimi, mama, na baba aliyekuwa dereva wa familia moja ya Kiqatari. Uani palikuwa na mkunazi, ambao majirani Waarabu waliuita sidri. Hakuna aliyeumwagilia maji. Jua la Julai lilichoma mpaka komeo la mlango likawa halishikiki, lakini mti ukabaki kijani, umejaa miiba. Mama, aliyekulia Unguja, alifurahi kuukuta ugenini. Kila Alhamisi alinituma nichume majani, akayaponda, akanikalisha chini na kuniosha nywele, kisha akaosha zake.

Mwaka ule alikuwa mjamzito. Asubuhi moja alishikwa na uchungu kabla ya wakati, baba akamkimbiza hospitali, nami nikaachwa kwa Bi Salma, jirani yetu wa Tanga aliyekuwa mpishi katika nyumba ya watu. Nilikaa kwake siku tatu. Kila nilipouliza, niliambiwa mama anapumzika. Siku ya nne baba alikuja, hajanyoa, shati ni lile lile aliloondoka nalo. Akanipa beseni, akaniambia nichume majani. Nilifurahi. Kama mama anataka kuosha nywele, basi amepona.

“Mama anarudi leo?” nilimwuliza.

Hakunitazama. “Chuma mengi, mwanangu.”

Nilichuma mpaka vidole vikatoka damu, nikayaponda mwenyewe huku nikiimba, nikamwonyesha Bi Salma povu. Alijifunika uso kwa mtandio. Alipolichukua beseni nilimfuata hadi mlangoni, nikimwomba twende wote nikamwoshe mama nywele. Hapo ndipo alipochuchumaa na kunishika mabega. “Mama yako amefariki, yeye na mtoto,” alisema. “Tunakwenda kumwosha kwa majani haya kabla ya kuzikwa.”

Nilimchukia baba kwa miaka mingi. Ile saa moja ya furaha aliyoniachia iliniuma kuliko kifo chenyewe. Tuliishi nyumba moja nikimjibu kwa kichwa tu, mpaka akazeeka, akarudi Unguja na kufia huko.

Leo naishi Al Wakrah, hapa hapa Qatar, nafanya kazi mapokezi hotelini, na umri wa mama nimeshaupita. Nyumba ya Najma imebomolewa pamoja na ua wake, pamejengwa ghorofa. Mwaka jana nilimwomba mume wangu aende makaburini amtafute mama, mimi nikangoja nje ya geti, kwa kuwa wanawake hawaingii. Ndani ni mafungu ya mchanga na mawe yasiyo na majina, safu baada ya safu. Alirudi viatu vimejaa mchanga, akaniuliza kama baba aliwahi kunitajia mahali alipozikwa. Hakuwahi. Alianza kunieleza mara mbili, mezani, tukila, na mara zote mbili niliinuka nikaondoka.