Nyota za Yusra

Mwalimu Shemsa hajui kukaa. Darasani hana kiti. Alikitoa nje mwaka ule alipohamia Kiwengwa kutoka kwao Mlandege, akasema kinamzibia njia. Sisi wenzake tunakunywa chai tumekaa, yeye anatembea barazani na kikombe mkononi, anajisemea peke yake. Darasa langu limepakana na lake, na kusema kweli ananichosha. Lakini mwaka huu nilimwona akihangaika kwa sababu ya maana.

Skuli ililetewa vishikwambi vyenye programu ya kujifunzia kusoma. Mtoto anagusa jina lake, anasikiliza, anajibu, na akipatia anapewa nyota. Watoto walivipenda mno. Tabu ikawa bamvua, zile siku za maji makubwa kila nusu mwezi. Maji yakitoka mbali, kina mama huenda kufunga mwani kwenye kamba zao, na wasichana huenda nao. Yusra, mtoto wa Bi Mwanakhamis, hakuonekana skuli kila bamvua, na kila akirudi herufi zote zimeshamtoka. Yuko darasa la pili na hawezi kusoma jina lake.

"Huyu atatupotea," Shemsa aliniambia, tena dirishani kwangu, katikati ya somo langu la hesabu.

Akamwendea Mwalimu Wakil, mwalimu mkuu, kumwombea Yusra kishikwambi akae nacho nyumbani. Mwalimu Wakil akakataa: kikiingia maji ya chumvi, nani atajibu? Shemsa akarudi kesho yake, na kesho kutwa, mpaka mzee wa watu akasalimu amri.

"Chukua, uniache nipumue. Lakini dhamana yako."

Bamvua lile lote Shemsa alikuwa roho juu. Kishikwambi kikarudi kikavu, kimeviringishwa ndani ya kanga, na kwenye jina la Yusra nyota zimejaa. Alipita madarasa yote kutuonesha, mimi mara mbili. Bamvua lililofuata nyota zikazidi, na lililofuata tena, Yusra alikuwa ameshafika kwenye hadithi fupi fupi.

Ndipo Shemsa akamwita ubaoni. Aliandika: Mama anafunga mwani.

"Yusra!"

"Naam, mwalimu."

"Hebu wasomee wenzako."

Mtoto akautazama ubao, kisha akatazama miguu yake. Mimi nikaacha kuandika darasani kwangu, nikachungulia mlangoni kwao.

"Na nyota hizi kazipata nani?"

Yusra akaanza kulia.

Kengele ya mwisho ilipolia, Shemsa alinivuta mkono tukaenda kwa kina Yusra, kishikwambi kwapani. Bi Mwanakhamis alikuwa uani anaanika mwani. Shemsa alipomwuliza habari ya nyota, hakukana kitu.

"Nimemfanyia mimi, mwalimu. Akitoka pwani keshachoka, analala. Nikaogopa mtamfuta skuli. Mwanzo nikigusa gusa tu, nikikosea kinanisahihisha. Halafu..." Alifuta mikono kwenye kanga. "Halafu nikajiona nnajua. Na mimi skuli sikutiwa."

Shemsa alipandwa na hasira. Alizunguka ua ule mpaka kuku wakakimbia.

"Umejisomea wewe, Bi Mwanakhamis, na mtoto kabaki pale pale!"

Bi Mwanakhamis aliinamia mwani wake. Mimi nilimwonea huruma, na Shemsa pia nilimwonea huruma. Tuliondoka bila ya kuaga vizuri, na kishikwambi kikabaki juu ya jamvi. Njiani nilimkumbusha. Hakutaka kurudi.

Siku za maji mafu, pwani isipokuwa na kazi, Yusra alikuja skuli, akikwepa macho ya mwalimu wake. Shemsa alikuwa akihesabu siku za mwezi. Bamvua lilipoingia alisimama mlangoni kabla ya kengele, akitazama njia ya pwani, akiingia na kutoka, akimkemea kila aliyempita. Nafasi ya Yusra ilikuwa tupu, na alijua itabaki hivyo.

Mara wakatokea watu wawili. Bi Mwanakhamis alikuwa amevaa nguo zake za kazi, na Yusra sare yake imepigwa pasi.

"Nimekuletea mtoto wako," alisema.

"Na mwani?"

"Ntafunga peke yangu, utakaobaki ubaki. Mie nshaonja, mwalimu. Nshajua nnachomnyima."

Shemsa alisimama pale pale bila ya kuzunguka, na hilo mimi sijawahi kuliona. Alinyoosha mkono kupokea kishikwambi. Bi Mwanakhamis alikitoa ndani ya kanga, lakini hakukiachia mara moja.

"Lakini akirudi nyumbani mpe aje nacho," alisema. "Hadithi yangu sijaimaliza."