Nta Kwenye Tundu la Intaneti

Ukimwambia Melchior asiwe na wasiwasi, hapo ndipo anapoanza. Alilelewa Bujumbura na mama aliyewaficha sukari hata mapadri. Sasa ana studio katika mtaa wa Kimisagara, chumba kimoja chenye trei za mayai ukutani za kuzuia mwangwi, anamorekodi kwaya ambazo hazijawahi kukubaliana nani aimbe besi.

Humo ana mzee mwenziwe: kompyuta ya 2009 na sanduku jeusi la kuchakata sauti. Kazi zake zote za miaka kumi na mitano zinafunguka humo tu. Tundu la waya wa intaneti ameliziba kwa nta ya mshumaa wa Pasaka. Mashine ya jirani yake ilionja intaneti mara moja tu, ikajisasisha yenyewe, na tangu siku hiyo haikulitambua tena sanduku lake.

Jumatatu simu yake ikaleta barua pepe ya watengenezaji wa sanduku: mfumo wenu una mustakabali mzuri, tutaendelea kuuhudumia.

"Umeona?" alimwambia Joselyne, kiongozi wa kwaya. "Mtu mwenye afya yake, nani humwambia 'hufi leo'?"

Joselyne alikuwa na lake. Jumamosi ilikuwa misa ya mwaka mmoja tangu Nahimana, mwimbaji wao, afariki. Walitaka sauti yake itolewe peke yake kwenye wimbo wa 2013, kanisani wamwitikie.

"Sauti yake iko hapa kwako tu, Melchior."

Melchior akabonyeza kitufe cha kuwasha. Sanduku likawaka, likazimika. Likawaka, likazimika. Mara ya tatu likakubali, kwa kinyongo.

Alhamisi akatokea Jean-Luc, fundi wa kompyuta wa mtaa wa Muhima, na hakuna aliyemwita.

"Mzee, hii iko ya makumbusho. Nipe dakika tano za intaneti, nakuhamishia vyote kwa kompyuta mpya. Bure."

Bure! Melchior akaitazama mikono yake mwenyewe, kuhakikisha vidole vimerudi vyote baada ya kusalimiana.

"Na sanduku?"

"Nitakusaidia kulitupa."

"Tangu lini takataka inafuatwa na mtu aliyevaa koti? Sema unataka vipuri, sha, ndugu yangu."

Jean-Luc akacheka, lakini akaaga upesi.

Ijumaa asubuhi, Joselyne akiwa kando yake, Melchior akaazima kompyuta ndogo ya binti yake, akavuta waya kutoka kwenye sanduku hadi humo, akaucheza wimbo kwa mwendo wake wenyewe huku upande wa pili ukirekodi. Ndiyo namna ya kuhamisha maziwa kutoka kibuyu chenye ufa: polepole, bila kuvuta pumzi. Waimbaji wengine wote aliwanyamazisha. Akabaki Nahimana.

Kabla ya ubeti wa pili, Nahimana akakohoa. Joselyne akaziba mdomo kwa kitenge.

"Nikikate?" Melchior akanong'ona.

"Thubutu!"

Ubeti wa mwisho taa ya sanduku ikapepesa. Wimbo ukaisha, taa ikatulia.

Joselyne alidhani wamemaliza. Melchior alikuwa ameshafungua wimbo uliofuata, wa parokia nyingine. Zilibaki nyimbo mia mbili na kumi.

"Kumbe hii mpya unaiamini?"

"Hii?" Melchior akavuta droo, akatoa kipande cha mshumaa na kiberiti, akapapasa ubavu wa kompyuta kutafuta tundu la intaneti. "Niliyemzaa mimi ni binti, si kompyuta yake. Hebu nishikie hapo."