Dancille na Mguu wa Mumewe

Dancille alikuwa amesafisha ukumbi wa michezo wa Skärholmen, Uswidi, kwa miaka saba, siku alipoegemeza ufagio ukutani ili atazame kifundo cha mguu kikifungwa. Msichana wa mpira wa mikono alikuwa ameteguka. Mtabibu wa timu alipitisha bandeji chini ya kisigino, akaivuta juu kwa nje, akairudisha, na msichana akasimama. Dancille akauliza kwa nini ivutwe kwa nje na si kwa ndani. Mtabibu akamchorea mifupa na kano kwenye karatasi, kisha akamwambia kuna chuo cha watu wazima kinachofundisha kazi hiyo kwa mwaka mmoja.

Vuli ya 2009 akaanza, akiwa na miaka arobaini na mmoja. Kiswidi kilimkwaza, lakini majina ya mifupa yalifanana na ya Kifaransa aliyoyasoma shuleni Gitega, na hapo aliwapita vijana wote wa darasa. Kwenye treni ya kurudi Vårby gård alikuwa akijibonyeza magoti bila kujali nani anamtazama. Nyumbani alimpapasa binti yake Raïssa vigimbi, akitafuta msuli unaishia wapi, mpaka mtoto akamwambia kwa Kiswidi atafute mtu mwingine.

Mtu mwingine alikuwa mumewe Anastase, dereva wa basi. Alichechemea tangu wajuane, na siku zote alisema aliumia akicheza mpira Bujumbura. Jumamosi moja, baada ya chakula cha mchana, alikubali kunyoosha mguu kwenye kochi. Dancille aliufuata kwa kidole gumba ule mfupa mwembamba wa nje, chini ya goti, taratibu, mpaka kidole kikapanda juu ya kitu kigumu kama fundo la mti. Akarudia. Chuoni walikuwa wameambiwa kwamba mfupa ukiunga wenyewe huweza kuacha uvimbe wa namna hiyo.

"Baba Raïssa, mguu huu ulivunjika. Nani aliufunga?"

"Hakuna. Niliutembelea hivyo hivyo."

Ndipo akaeleza. Mwaka 1993, wakikimbia vita kwenda Tanzania, aliteleza akaanguka mtaroni, akasikia mfupa ukilia. Alikuwa na mama yake tu. Angesema ameumia, mama angeketi pale pale na kukataa kumwacha. Kwa hiyo akakata fimbo, wakaenda siku nne. Njiani na kambini alisingizia jeraha la zamani la mpira, na mama alikufa akiamini hivyo.

Dancille alidhani atalia. Badala yake akajikuta anauliza: alitanguliza mguu upi? Kupanda mlima na kushuka, wapi paliuma zaidi? Fimbo aliishika mkono gani? Anastase alijibu kila swali, na mwisho akainuka, akachukua mwavuli kumwonyesha alivyotembea. Raïssa akatoka chumbani, akauliza kwa Kiswidi baba anafanya nini.

"Kaa nikuambie," Anastase akamjibu kwa Kiswahili.

Dancille alifaulu Juni iliyofuata. Ukumbini bado anasafisha asubuhi, na Jumapili baada ya misa huwafunga vifundo wasichana wa timu ya mtaani. Anastase naye amepewa zoezi: asimame kwa mguu ule mmoja kila anapopiga mswaki. Hulalamika, lakini husimama, mkono mmoja ukishika sinki.